Shahada mbili na ushahidi wa kweli

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili na akamneemesha kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, siku za karibuni, baada ya sala ya Ijumaa hapa Dodoma, alitujia mzee mmoja aliyesafiri kutoka Kondoa. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na barua ya chuo kikuu. Binti yake aliyemaliza kidato cha sita amekubaliwa kuingia katika mpango wa masomo unaoendeshwa na vyuo viwili: miaka miwili atasoma hapa nchini, na miaka miwili atasoma Ujerumani. Akifaulu atatunukiwa shahada mbili, moja ya chuo cha hapa na nyingine ya chuo cha kule. Mzee alituuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, ninazo ekari sita za alizeti na ng'ombe kumi na wanne. Niuze? Na dini inasemaje?"

Hatukumjibu siku ile ile. Tulimwomba atupe muda, kwani swali lake si la mtu mmoja. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kule Chimwaga, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikaanza mwaka huo huo, nyanda hizi za kati zimekuwa nchi ya wanafunzi. Mtoto wa mkulima wa Kondoa, wa Mpwapwa au wa Manyoni, ambaye babu yake alihesabu kufika Dar es Salaam kuwa ni safari kubwa, leo anaomba nafasi za masomo ng'ambo kwa simu ya mkononi. Jibu tuliloahidi ndilo hili, na tumeona tulitoe hadharani ili familia nyingine nazo zinufaike.

Maana ya shahada

Tuanze na neno lenyewe. Neno shahada limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kushuhudia. Shahada ya chuo ni ushahidi: walimu wanashuhudia mbele ya watu kwamba fulani amesoma na amejua. Na kila Muislamu, hata yule asiyejua kusoma wala kuandika, tayari anazo shahada mbili ambazo kwazo ameingia katika dini: kuushuhudia upweke wa Mwenyezi Mungu, na kuushuhudia utume wa Muhammad (S.A.W.). Shahada mbili hizo hazimzuii mtu kutafuta za chuo. Lakini zinamwekea sharti: aliyeanza dini yake kwa kushuhudia kweli haimpasi kuitafuta elimu kwa ushahidi wa uongo. Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo, na mengine yote ni maelezo yake.

Jambo lenyewe si geni

Wapo wazee wanaodhani kuwa kusoma kwa walimu wa nchi mbili ni jambo lililozushwa zama hizi. La hasha. Wanazuoni wetu wa pwani walikuwa na ijaza, yaani idhini ambayo mwalimu humpa mwanafunzi wake kwamba sasa anaweza kukifundisha kitabu au fani fulani. Mwenye himma alizikusanya ijaza kutoka kwa walimu wa miji mingi. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alikuwa tayari amekwisha kuwa kadhi aliposafiri kwenda kuongeza elimu Istanbul, Cairo na Makka. Hakuona haya kukaa tena chini kama mwanafunzi.

Hata elimu ya chuo kikuu nchini mwetu ilianza kwa kushirikiana na chuo cha ng'ambo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15 katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, shahada waliyoisomea ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 chuo hicho kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake.

Siku hizi mipango ya namna hii ni ya aina tatu, na ni wajibu wa mzazi kuzitofautisha. Ipo ya shahada mbili, ambapo kila chuo hutoa cheti chake. Ipo ya shahada ya pamoja, ambapo vyuo viwili au zaidi hutia saini cheti kimoja. Masomo mengi ya uzamili yanayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kwa jina la Erasmus Mundus, yaliyoanza mwaka 2004, hufuata njia hii au ile ya kwanza, na mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili. Na ipo ya tawi, kama lile la Indian Institute of Technology Madras lililofunguliwa Zanzibar mwaka 2023, ambapo mtoto hukaa Unguja na akapata shahada ya India. Mzazi asiyejua mtoto wake yumo katika aina ipi, bado hajajua analipia nini.

Ushahidi wa karatasi

Kabla ya kuuza hata kuku, familia itafute ukweli wa karatasi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ndiyo yenye mamlaka ya kutambua shahada zinazotolewa nje ya nchi, na ndiyo humpa anayekwenda kusoma nje hati ya kutokuwa na pingamizi. Familia iulize kwa maandishi: Je, chuo cha pili kinatambuliwa? Je, mpango wenyewe umeidhinishwa, au vyuo viwili vimepeana mikono tu mbele ya wapiga picha? Je, mtoto akishindwa upande mmoja, upande wa pili utampa shahada yake? Jibu la swali hili la mwisho ndilo litakalookoa jasho la miaka.

Kisha yapo mahesabu ya masomo, ambayo wazazi wengi huwaachia watoto, na watoto nao huyaacha mpaka siku ya msiba. Hapa kwetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Katika mfumo wa Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka mmoja ni krediti 60. Basi anayetoka hapa na krediti 120 za mwaka asidhani amewazidi wenzake wa huko wenye 60. Akizigeuza kuwa saa atakuta yeye ana 1,200, na wao wana 1,500 au zaidi. Aliyepungukiwa ni yeye, na chuo cha pili kinaweza kumtaka alipe pengo hilo kwa masomo asiyoyatarajia.

Alama nazo zina lugha mbili. Katika vyuo vyetu, mwenye wastani wa 4.4 hadi 5 ndiye wa daraja la kwanza, na mzazi husujudu kumshukuru Mungu. Ujerumani, alama bora kuliko zote ni 1, na 5 ni kufeli. Mtoto asipoieleza familia yake mapema, siku atakapotuma habari kuwa amepata 1.7 nyumbani patalia, hali ya kuwa palistahili kuchinjwa mbuzi.

Tena karatasi zihifadhiwe. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wetu waliokuwa wakisoma Sudan walirejeshwa nyumbani kabla ya mwezi ule kwisha, na masomo yao yakakatika katikati. Katika hali kama ile, aliyeacha nyumbani nakala za matokeo yake zilizothibitishwa huwa na mahali pa kuanzia. Asiyeziacha huanza kwa kuapa tu.

Ushahidi wa fedha

Vyuo vingi vya serikali vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, na hili huwafurahisha wazazi kupita kiasi. Lakini ubalozi hutaka ushahidi kwamba mwanafunzi ana cha kula. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka, ziwekwe katika akaunti maalumu ambayo mwanafunzi hutoa yuro 992 tu kila mwezi. Nchi nyingine nazo zina masharti yao. Mwenye ufadhili kamili huepukana na mzigo huu. Asiye nao hujikuta mbele ya mtihani.

Na hapa ndipo shetani hupata nafasi. Tumesikia habari za "fedha za kuonyesha": mtu anakopa kwa jamaa na marafiki, fedha zinalala katika akaunti siku chache, karatasi ya benki inatolewa, kisha fedha zinarudi kwa wenyewe. Familia inaona imepata ujanja. Ndugu zetu, huo ni ushahidi wa uongo, na Mtume (S.A.W.) ameuhesabu ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa. Na adhabu yake ya dunia humfika mtoto: atafika nchi ya baridi akiwa na karatasi inayosema ana fedha, na mfuko unaosema hana. Mwanafunzi aliyezoea kungoja bumu hapa Dodoma, akikosa akala kwa mwenzake wa chumba, huko hatampata jirani wa kumgongea mlango saa mbili usiku kuomba unga.

Maisha yenyewe

Wazazi hutuuliza kwanza juu ya chakula na mavazi. Ni maswali mazuri, lakini nyama ya halali hupatikana katika miji mingi ya Ulaya, na mabinti wengi huhudhuria madarasa na hijabu zao. Jambo gumu ambalo hatuulizwi ni wakati. Sisi tunaokaa karibu na mstari wa ikweta tumezoea jua lisilobadilika sana. Dhuhuri na Magharibi tunazijua bila kutazama saa. Mjini Berlin mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na Dhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana ndani ya muda wa saa nne. Kipindi kimoja cha maabara cha saa nane hadi saa kumi chaweza kuimeza Alasiri yote. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, Isha ikasogea hadi karibu na usiku wa manane.

Mtoto aende akiwa amefundishwa fiqhi ya safari na ya dharura, ajue lini anaweza kukusanya sala na kwa rai ya nani. Ajue pia kuomba kwa adabu: mhadhiri aliyeombwa mapema dakika kumi aghalabu huzitoa, lakini mwanafunzi anayetoroka darasani kimya kimya huonekana mtoro. Wengi hawakuacha sala kwa kuwa walilazimishwa. Waliiacha kwa sababu waliona haya kusema, wakaikosa moja, kisha mbili, kisha wakazoea.

Na upo upweke. Katika mpango wa vyuo viwili, mtoto huondoka katikati ya safari. Wenzake wa mwaka wa kwanza waliobaki Dodoma husonga mbele bila yeye, na wale anaowakuta huko walikwisha kujuana zamani. Anaweza kuwa na vitambulisho viwili vya chuo mfukoni, na asiwe na mtu wa kumwuliza, "Mbona leo hukuja?"

Ushahidi wa simu

Tunamfahamu kijana mmoja wa mji huu, ambaye jina lake tunalihifadhi. Miaka yake ya hapa ilikuwa mizuri. Alipokwenda nchi ya pili, muhula wa kwanza akaanguka masomo mawili. Hapa angepata kile wanachokiita wenyewe "sapu", akarudia mtihani na mambo yakaisha. Kule ilimpasa kurudia masomo yenyewe, na muda wa ufadhili wake haukuruhusu. Hakuwaambia wa nyumbani. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu na kusema: "Alhamdulillah, naendelea vizuri."

Nyumbani nako, baba yake alikuwa amepatwa na kisukari, na kidonda cha mguu kikakataa kupona. Kiwanja kiliuzwa. Familia ikakubaliana kwamba mtoto asiambiwe, asije akavurugikiwa na masomo. Kila Ijumaa baba alipokea simu akiwa kitandani na kusema: "Alhamdulillah, sote wazima." Kwa muda wa miezi minane simu ile ilibeba uongo kutoka pande zote mbili, na kila upande ulidhani kwamba unaonyesha huruma.

Kijana alirudi wiki tatu baada ya maziko. Shahada ya hapa alikuja kuikamilisha. Ya kule hakuipata. Lakini hilo silo linalomuuma. Alituambia: "Sheikh, baba angejua nimeanguka angenikasirikia siku mbili. Mimi ningejua anaumwa ningerudi siku ya tatu."

Kijana wa Nabii Musa

Leo ni Ijumaa, na wengi wenu mmesoma au mtasoma Suratul Kahf. Tuzingatie kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipofunga safari kumtafuta mwalimu mahali zinapokutana bahari mbili. Alikuwa mtume, na bado alisafiri kutafuta elimu. Hakwenda peke yake, alikuwa na kijana wake. Walichukua chakula cha njiani. Na alipompata mwalimu, masharti yalitajwa na kukubaliwa kabla ya hatua ya kwanza. Haya yote ni mafunzo kwa anayemtuma mtoto mahali zinapokutana elimu mbili.

Lakini lipo jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Njiani yule kijana alimpoteza samaki waliyemchukua kuwa chakula. Nabii Musa alipokitaka chakula, kijana alikiri kuwa amesahau. Na Nabii Musa hakumkaripia. Alielewa kwamba pale palipopotea samaki ndipo walipokuwa wakipatafuta, wakarudi kwa kufuata nyayo zao mpaka wakampata mwalimu. Laiti kijana angelificha kosa lake kwa kuogopa, wangeliendelea kutembea wakiacha nyuma kile walichokitokea nyumbani. Basi mtoto aseme alichopoteza, na mzazi azuie hasira yake. Elimu ya wote wawili imo humo.

Binti na mvulana

Juu ya safari ya binti, wanazuoni wametofautiana. Wapo waliozuia mwanamke kusafiri bila ya mahram, na wapo walioruhusu palipo na amani ya njia na wenzake wa kuaminika. Kila familia imwulize mwanazuoni inayemwamini, na ichunguze usalama wa njia na wa makazi. Tunachokikataa ni mizani miwili. Binti anawekewa vikao vitatu vya ukoo. Kaka yake anasindikizwa hadi kituo cha treni kwa vifijo, bila hata swali moja juu ya mahali atakapolala na watu atakaofuatana nao. Mvulana naye ni amana, na wengi waliopotea huko hawakuwa mabinti.

Jibu letu kwa mzee wa Kondoa

Mzee wetu, elimu ya binti yako ni heri, na hatuoni katika dini kinachoizuia madhali usalama wake umethibiti. Usiuze shamba. Ng'ombe huzaa wengine, ila ardhi ikishauzwa hairudi. Kwanza pata jibu la maandishi la TCU, kisha hangaikia ufadhili, kisha tazama ni ng'ombe wangapi wanatosha kuziba kilichobaki. Mkopo wa riba usiukaribie, wala fedha za kuonyesha.

Baada ya hapo mkae kikao, wewe, mama yake, yeye mwenyewe na mashahidi wawili. Mwenyezi Mungu ameiweka katika Suratul Baqara aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, nayo inahusu kuandika madeni. Basi nanyi andikeni. Nani atalipa nini, na mpaka lini. Matokeo yote, mazuri na mabaya, yatasemwa katika wiki yanapotoka. Ugonjwa na msiba wa nyumbani havitafichwa. Huko atakakokwenda patafutwe mapema mtu mzima mmoja wa msikiti au wa jumuiya ya Watanzania atakayemjua kwa sura. Na andikeni kwamba akirudi na shahada moja badala ya mbili, atapokewa kama aliyerudi na mbili, kwani hofu ya kurudi na pungufu ndiyo mama wa uongo wote.

Siku ya kumsindikiza, wazazi wengi humwambia mtoto: "Usituaibishe." Neno hilo humfunga mdomo kabla hajapanda ndege. Wewe mwambie: "Utuambie kweli, nasi tutakuambia kweli."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio safarini, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi wazazi vifua vya kupokea habari njema na zisizo njema. Amin.

Wabillahi tawfiq.